Beji ya Pasi

Pasi hakuitwa Pasi kwa sababu alikuwa moto. Aliitwa hivyo kwa sababu shati lake halikuwahi kuonekana na mkunjo, na yeye mwenyewe alihakikisha hospitali nzima inalijua hilo. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei. "Mimi nawaona watu mpaka mifupa," aliwatambia wauguzi, "lakini ninyi mkinitazama mnaishia kwenye kola."

Kwa hiyo alipoitwa kwa Mama Mionzi, ofisa wa usalama wa mionzi, alidhani anakwenda kusifiwa. Akafuta viatu kwa nyuma ya suruali, akagonga.

"Kaa, mwanangu," Mama Mionzi alisema bila kutabasamu. "Beji zenu zimesomwa. Yako imepita kiwango, na imepita mbali. Chumba cha eksirei usikikanyage mpaka tujue kuna nini. Sasa hivi nenda maabara wakutoe damu."

Beji ile ndogo hukusanya mionzi anayoipata mvaaji, kisha hupelekwa kupimwa. Pasi alilisomea jambo hili. Alijua kuwa mionzi mingi huchokoza uboho, mle damu inamotengenezwa, na huongeza hatari ya saratani ya damu. Alijua pia kuwa hatari ni hatari, si hukumu. Lakini elimu hiyo aliiacha ofisini. Yeye alitoka na hofu tupu.

Jioni dada yake alimkuta mbele ya kioo, amejivuta mdomo wa chini kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani.

"Dada, mimi nina saratani ya damu."

"Nani kasema?"

"Beji."

"Tangu lini beji ikawa daktari?"

"Ona fizi zinavyovuja!"

"Wewe unapiga mswaki kama unasugua sufuria, zisivuje?"

"Na hili baka la damu gotini?"

"Juzi ulijigonga kitandani, ukatukana mpaka jirani akafunga dirisha."

Pasi hakukubali kuponywa kirahisi hivyo. Akafungua kabati akaanza kugawa urithi: shati la mistari kwa shemeji, la bluu kwa mpiga picha mwenzake.

"La bluu usimpe mtu," dada akamkatiza. "Limechujuka kwapani. Utatuaibisha na sisi tunaobaki."

Alicheka yeye, akacheka na Pasi, ila dada alipokwenda jikoni alikaa huko muda mrefu bila kugusa chungu.

Kesho yake majibu yakatoka: damu haikuwa na kasoro. Pasi akaingia ofisini kwa Mama Mionzi karibu anacheza.

"Mama, nilishachagua hadi picha ya kuweka mbele ya jeneza! Ile yenye kola nyeupe."

"Kaa kwanza. Hiyo beji unaivalia wapi?"

"Kwenye kola ya aproni ya risasi, kama tulivyofundishwa."

"Na aproni iko wapi?"

"Msumarini."

"Msumari uko wapi?"

"Mle ndani, karibu na meza ya picha..." Pasi akajisikia anavyosema.

Aproni ile, yenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi, ni nzito kama gunia, na inakunja shati. Basi yeye alibana beji juu yake, akaviacha vyote viwili vikining'inia mle ndani, vikila mionzi ya kila picha, huku yeye akibonyeza kitufe nyuma ya ukuta wa kinga.

"Kumbe mgonjwa ni msumari," alisema. "Mama, tuutoe damu."

Mama Mionzi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena.

"Na wale watoto wasiotulia mezani, anawashika nani?"

"Mimi."

"Unakuwa umevaa nini?"

Pasi akatazama kifua chake. "Shati."

"Damu kuwa nzima leo ni habari njema, mwanangu, ila haisemi umepata mionzi kiasi gani. Saratani hii ikija, huja baada ya miaka. Pengine ulichopata ni kidogo, hakina neno. Beji ndiyo ingetuambia, na yako imetuletea habari za ukuta." Akamsogezea beji mpya mezani.

"Hii mpya je? Haiwezi kujua ya nyuma?"

"Haiwezi."

Pasi akaichukua ile beji, akaigeuzageuza kiganjani. Muuguzi akachungulia mlangoni.

"Pasi, kuna mtoto kavunjika mkono, hatulii! Njoo umshike."

Akamtazama Mama Mionzi, naye akaitikia kwa kichwa.

"Mvalisheni baba yake aproni, amshike yeye," Pasi alijibu. "Na mimi nisubirini nivae."

Mle chumba cha eksirei, Mama Mionzi akiwa nyuma yake, akaitungua aproni msumarini, ikamwangukia mabegani, shati likakunjamana lote. Akabana beji mpya kwenye kola.

"Mama, iko sawa?"

"Iko sawa."

"Tazama tena."

Mama Mionzi akasogea, akatazama tena.