Ufunguo kwa Ndani

Mtaa mzima ulimwita Kitasa, maana hapakuwa na mlango uliowahi kumshinda, ila wa nyumba yake mwenyewe. Huo aliutia komeo la ndani, nene, lisilosikia waya wala dua, enzi zile alipokuwa akiogopa wezi. Siku hizi mwizi ni yeye. Akirudi amevaa miwani, mkewe huchungulia dirishani na kumwambia apumue. Pumzi ikinuka pombe, komeo halisogei.

"Leo ukirudi mdomo safi utalala kitandani," mkewe alimwambia Jumapili ile asubuhi. "Ukirudi unanuka, baba watoto, kesho nakwenda kwa mama na wanao. Sina matusi tena. Yamekwisha, nimekutukana yote."

Kikaratasi chenye namba ya simu ya kikundi cha wanaotaka kuacha pombe, Kitasa alikuwa amekibandua ukutani kwenye duka la dawa. Akapiga. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mtu mcheshi.

"Niite Mjomba. Njoo jioni, stoo ya nyuma ya zahanati. Hatuumi. Ufunguo ninao mimi, huwa nawahi kufungua."

"Na nikija nimeonja?"

"Utakaa, utasikiliza. Ila aliyeonja leo hasemi. Sheria yetu ndiyo hiyo moja."

Basi siku nzima Kitasa hakuonja. Alikuwa na ya kusema, akayapanga kichwani kama mtoto anayetumwa dukani. Kufika mchana mikono ilianza kumcheza. Jioni akabeba sanduku lake la kazi, na chini ya tupa, kichupa. Hakukusudia kukinywa. Alikibeba tu, kama bwana harusi mwenye barua ya hawara mfukoni.

Nje ya stoo aliwakuta wawili. Mmoja ni Mama Cherehani, mshonaji wa sare za shule. Mwingine alikuwa dereva wa lori zamani, aliyeitwa Breki kwa kuwa hakuwahi kuwa nazo.

"Mjomba kachelewa," alisema Breki. "Huyu hachelewi huyu."

"Wewe ndiye mgeni?" Mama Cherehani akauliza. "Kazi yako nini, baba?"

"Fundi vitasa."

Breki akaangua kicheko. "Mungu hamtupi mja wake! Tufungulie basi, tusimame hapa mpaka tuote mizizi?"

Kitasa akachuchumaa, akaingiza waya. Waya ukagonga chuma palipopaswa kuwa wazi. Akauchomoa polepole.

"Ufunguo uko kwa ndani."

"Maana yake nini?"

"Maana yake hajachelewa."

Kicheko cha Breki kikafa. Wakagonga, wakaita. Kilichojibu ni mkoromo, mzito, wenye maji ndani yake, kama bomba lililoziba. Mlango ulikuwa wa chuma, dirisha la nondo, na zahanati imefungwa kwa Jumapili.

"Anapaliwa na matapishi," alisema Mama Cherehani. "Marehemu mume wangu alikoroma hivyo hivyo. Fungua!"

Ujanja wake si mkubwa: unapitisha gazeti chini ya mlango, unaunyoosha ufunguo kwa waya, unausukuma udondoke juu ya gazeti, unalivuta. Kazi ya kufumba na kufumbua, kwa mwenye mikono. Ya Kitasa ilitetemeka hata waya ukawa unapiga kengele kwenye chuma.

"Nipe mie, nimezoea sindano," alisema Mama Cherehani.

"Kushoto. Hapana, usisukume, nyoosha kwanza. Mama, umeupinda zaidi."

Ndani, mkoromo ulikatika. Ukarudi. Ukakatika tena.

"Nikipata kidogo itatulia," alisema Kitasa.

Popote pengine wangemcheka. Pale hakuna aliyecheka, maana wote waliijua dawa hiyo na wote iliwahi kuwaponya hivyo hivyo. Breki akatazama chini.

"Unayo?" Mama Cherehani akauliza.

"Ninayo."

Hakuna aliyemwambia kunywa. Hakuna aliyemwambia usinywe.

Akanywa. Mikono ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Ufunguo ukadondoka, gazeti likavutwa, mlango ukafunguka.

Viti vilikuwa vimeshapangwa duara. Mjomba alilala chali katikati, chupa pembeni. Mganga hajigangi. Wakamlaza ubavu, Mama Cherehani akamkomba kinywa kwa vidole mpaka akakohoa, akaanza kulia bila kufumbua macho. Breki akakimbia kutafuta gari, akampeleka hospitali.

Wengine wakafika, wakapiga deki, wakakaa. Mama Cherehani akamwonyesha Kitasa kiti.

"Sheria unaijua, baba."

"Naijua."

Akakaa na maneno yake mdomoni, kikao kizima, mpaka wakaagana.

Nyumbani dirisha lilifunguka kabla hajabisha.

"Pumua."

Akapumua. Mkewe akakunja pua.

"Kulikuwa na mtu anakufa ndani," alisema Kitasa. "Nisingeweza kufungua bila..."

"Kila siku una mlango wako, baba watoto."

"Muulize Mama Cherehani, yule wa sare. Alikuwepo."

"Na huyo mtu?"

"Yu hai."

Dirisha likafungwa. Komeo halikusogea. Kitasa akaketi kizingitini, sanduku mapajani, akategesha sikio. Ndani ilisikika zipu ya begi, ndefu, kutoka pembe hadi pembe. Yeye aliyeweza kukitambua kitasa chochote kwa mlio wake alibana pumzi, akasikiliza kwa bidii, asijue kama begi linafungwa au linafunguliwa.