Mkono wa Kulia wa Meneja

Kila asubuhi, saa moja kasorobo, dereva wa meneja aliingia garini, akazungusha kitufe cha kiyoyozi hadi sifuri, ndipo akawasha injini. Injini ikishatulia, akafungulia baridi. Alifundishwa hivyo na baba mkwe wake, aliyeliendesha gari hilohilo miaka kumi na tisa, mpaka alipofukuzwa kwa kuua betri mbili. Barua ilisema alikuwa akiwasha gari huku kiyoyozi kikivuma. Mzee alikana. Wakamwambia umri umekwenda, anasahau.

Ilipofungwa betri ya tatu, gari likaanza kugandisha watu. Aliyeliwasha bila kuzima kiyoyozi aliota barafu mkono wa kulia, tangu vidoleni hadi kwenye kiwiko, na haikuyeyuka mpaka kesho yake mchana. Mlinzi alilisogeza Ijumaa moja ili lioshwe, akajisahau. Akashinda ameshika soda ya katibu muhtasi, ikapoa vizuri sana. Fundi alisema kila gari lina vituko vyake, na afadhali hiki kuliko kuvuja oili.

Betri hiyo nayo ikafa, asubuhi ya Jumatatu. Dereva akaitwa ofisini. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

Afisa usafiri alisoma barua ya kumfukuza. Maneno yalikuwa yaleyale ya barua ya mzee, wamebadilisha jina tu.

"Hebu tuone mkono," alisema katibu muhtasi, kama anayeomba kuazima kalamu.

Dereva akaunyoosha. Ulikuwa mkavu, una joto lake.

"Labda umeshayeyuka," alisema afisa.

"Saa nne hii? Bado," alisema katibu muhtasi.

Ikabaki sahihi ya meneja, aliyekuwa amekaa mezani pake. Meneja hapendi joto hata kidogo, na kila Jumapili hulichukua gari akaliendesha mwenyewe. Jumatatu hushinda mkono mfukoni. Sasa akautoa. Ulikuwa mweupe pe. Kalamu ikamganda vidoleni, matone yakaangukia barua, wino ukatapakaa. Afisa akaenda kutafuta taulo.

"Betri ilikuwa imechoka," alisema meneja. "Siku hizi wanatuuzia mbovu."

Wote wakaafiki, barua ikatupwa. Dereva akashukuru, lakini hakuondoka.

"Na ile ya mzee, bosi?"

"Faili lile lilishafungwa, ndugu yangu. Tusifukue."

Kabla ya saa za kazi kwisha, ofisi ilinunua glovu moja nene ya sufu, ya mkono wa kulia. Iliandikwa kwenye orodha ya vifaa vya gari, chini ya jeki. Dereva akasaini kuipokea, akaenda moja kwa moja kwa baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamekufukuza?"

"Nimebaki. Kumbe ni meneja, Jumapili anawasha na AC. Ila faili lako wamekataa kulifungua."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo sikuwa mimi."

"Hukuwa wewe, baba."

"Miaka miwili hii, mkwe wangu, sitoki humu ndani bila kurudi mara tatu kuangalia kama nimezima jiko."

Kisha akavaa viatu amsindikize mkwewe kituoni. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, wakaondoka wakizungumza habari za mtoto.