Kidevu cha Mzee Mhoja

Agnetha alirudi nyumbani Mtendeni, Tabora, wiki mbili baada ya kupasuliwa taya Dar es Salaam, uso umevimba kama wa mtu aliyevamiwa na nyuki. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya hapo mjini. Tangu utotoni taya lake la chini lilikuwa limelitangulia la juu, meno ya mbele hayakukutana, nyama aliimeza vipande vizima, na kila jioni maungio ya taya yalimpandisha maumivu mpaka kichwani. Alivaa waya za meno mwaka mmoja na nusu. Kisha madaktari wakaukata mfupa, wakausogeza nyuma, wakaushikiza kwa vyuma vidogo na skrubu, na kuyafunga meno ya juu na ya chini kwa mipira midogo ya kuvutana. Kwa wiki sita asitafune kitu.

Mumewe, Modest, aliyekuwa akiuza vifaa vya ujenzi, alijifunza kumlisha kwa bomba la sindano lililotolewa sindano: uji wa ulezi wenye karanga, supu ya mifupa iliyochujwa mara mbili, maziwa. Badala ya kuongea, Agnetha aliandika kwenye daftari.

Njaa aliizoea. Kitu kilichomshangaza kuliko vyote ni kwamba mdomo wa chini na kidevu vilikuwa haviko. Aliviona kwenye kioo, akavigusa kwa kidole, kidole kikasikia kidevu lakini kidevu hakikusikia kidole. Daktari alikuwa amemwambia asihofu: mshipa wa fahamu ulivutwa tu, haukukatika, utaamka taratibu, pengine kwa miezi.

Mwingine angelia. Agnetha alichukua kalamu na njiti ya ufagio wa chelewa. Kila asubuhi alijichomachoma polepole kutoka shavuni kuelekea katikati, na pale hisia zilipokoma aliweka nukta. Aliziunganisha nukta, kisha akaichora ile ramani kwenye daftari na kuandika tarehe.

"Mke wangu," Modest alimuuliza, "wewe ni mgonjwa au mtafiti?"

*Vyote viwili,* aliandika. *Usinichekeshe, inauma.*

Wiki ya tatu wakwe zake walikuja na basi kutoka Sikonge. Mama Dafrosa alibeba kuku wa kutolea supu. Mzee Mhoja, mrina asali wa miaka mingi, alibeba dumu la lita tano la asali na uso usio na tabasamu. Upasuaji ule hakuutaka. Ulipopangwa alimpigia mwanawe simu na kusema maneno machache tu: "Taya si ukucha, Modest. Halikatwi."

Agnetha aliinama kumwamkia, akatamka "shikamoo" kupitia meno yaliyofungwa. Ilitoka kama upepo.

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, akaangalia pembeni. Katika nyumba ile mkwe na mkamwana hawakugusana hata mkono, na chombo kilichopelekwa kwa mzee kiliwekwa kwanza mezani ndipo akakichukua. Alikusudia kulala siku moja, aone, kisha aondoke.

Kesho yake asubuhi Modest alikwenda dukani. Mama Dafrosa alikaa mkekani akichambua mchele, mzee kitini karibu na mlango, Agnetha upande wa pili na bomba lake la uji. Mzee alimtazama kwa muda, halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Uji unakutoka upande wa kulia."

Agnetha alijipangusa haraka.

"Hukusikia, eh?"

Akatikisa kichwa.

"Mimi pia sisikii," mzee akasema. "Huku kushoto."

Mikono ya Mama Dafrosa ilisimama juu ya ungo. "Husikii nini, Baba Modest?"

"Kidevu. Tangu nilipoanguka."

Kuanguka kwenyewe wote walikujua. Mwaka wa sabini na tisa, kambini ndani ya pori, Mhoja alipanda mti wa muyombo kutundika mzinga, tawi likakatika, akafikia taya kwenye mzizi. Mwenzake alimfunga kidevu kwa kamba ya gome na kumnywesha maji ya asali kwa mrija wa tete, siku kumi na mbili, mpaka akaweza kutembea kurudi kijijini. Huko mke wake, bibi harusi wa miezi minne, aliendelea kumnywesha uji kwa bua la jani la mpapai. Mfupa uliunga kombo. Hadithi ilisimuliwa hivyo siku zote, na iliishia hapo.

"Miaka arobaini na sita," alisema Mama Dafrosa taratibu. "Miaka yote hiyo nakupigia kelele kwamba unakula kama mtoto, ugali umekuganda kidevuni, umeniaibisha kwenye harusi za watu. Kumbe!"

"Ningesema nini?"

"Ungesema husikii!"

"Wenzangu wangesema Mhoja amepungukiwa, asipande tena mti. Baadaye nikazoea. Kitu kikishazoeleka utakianzia wapi kukisema?"

Mama Dafrosa aliufunika mdomo kwa khanga. Haikueleweka mara moja kama anacheka au analia, na pengine hata yeye hakujua.

Agnetha alikuwa amekwisha kufungua daftari. Aliandika upesi, akaliweka mezani, akarudi nyuma. Mzee, aliyezoea kusoma Biblia kanisani kwao kwa Wamoraviani, alivaa miwani na kusoma neno moja moja:

"*Baba, naomba kujua. Ni sehemu yote haisikii, au kuna pembe inayosikia?*" Akavua miwani. "Sijui. Sijawahi kuitafuta."

Agnetha asingeweza kumgusa, na hakuna aliyehitaji kulisema hilo. Aliandika tena, na mzee akamsomea mkewe maelekezo. Hivyo Mama Dafrosa akawa mpimaji. Alipewa njiti ya chelewa, unyoya wa yule kuku, na kijiko kilicholowekwa kwenye maji ya friji. Mzee alifumba macho.

"Nimegusa?"

"Hapana."

"Na sasa?"

"Hapana. Umegusa?"

"Nimechoma, Baba Modest! Pametoka alama."

Njiti haikusikika, wala unyoya. Nusu ya kushoto ya kidevu ilikuwa kimya kama Agnetha alivyotarajia. Kisha Mama Dafrosa akaweka mgongo wa kijiko chini kabisa, penye ukingo wa mfupa.

Mzee alishtuka. "Hicho nini?"

"Kijiko."

"Rudia."

Akarudia. Mzee alisema ni kama maji, maji yanayopita mbali. Lakini Agnetha hakuridhika. Mtu anaweza kukisia. Mzee akiwa bado amefumba macho, akamwonyesha mama mkwe kwa vidole: mara nyingine weka kijiko, mara nyingine usiweke, uliza tu. Wakafanya mara kumi. Mzee alipatia tisa.

Alifumbua macho, akakaa muda mrefu ameweka kiganja chini ya kidevu chake mwenyewe.

"Kwa nini baridi ipite na mwiba usipite?" akauliza. Swali hilo alimwelekezea Agnetha, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike.

Agnetha aliandika neno moja. Mzee akalisoma, akacheka kwa pumzi. "*Sijui.* Mwalimu hajui?"

*Bado,* akaongeza chini yake.

Mzee Mhoja hakuondoka siku ile wala iliyofuata. Alikaa siku tano. Kila baada ya chai walipima videvu viwili, na Agnetha akaandika ramani mbili kwenye ukurasa mmoja. Yake ilianza kupungua. Siku ya nne alihisi kama siafu wanatembea chini ya ngozi, akapiga meza kwa furaha, na mzee akauliza wanatembea kutoka wapi kwenda wapi. Ya mzee haikusogea hata kidogo. Hakusikitika. Alitaka tu kujua mipaka yake ilivyo, kama mtu anayekagua shamba alilorithi bila kuoneshwa. Daktari, alipoulizwa kwa ujumbe wa simu, alijibu kwamba nyuzi zinazobeba baridi si zile zinazobeba mguso, na baada ya ajali nyuzi nyingine hupona na nyingine hazirudi. Mzee alisomewa ujumbe huo mara tatu.

Kuhusu upasuaji hakutamka kwamba alikosea. Alipokuwa akipanda basi alimwambia tu Modest, "Mpe asali kwenye maji ya uvuguvugu, asiinywe kavu. Mimi najua."

Wiki ya sita mipira iliondolewa. Agnetha alifungua kinywa upana wa kidole kimoja na maneno yake ya kwanza yalitoka yakiteleza. Siku chache baadaye simu iliita kutoka Sikonge.

"Nani mwenzangu?" mzee aliuliza, kwa kuwa sauti hiyo haikuwa ile aliyoizoea.

"Ni Agnetha, baba. Shikamoo."

"Marahaba! Sasa unasema. Sikiliza basi, nina jambo. Nimewapima wenzangu warina, watu saba. Unyoya na kijiko."

"Umewapima, baba?"

"Kwa nini nisiwapime? Sita wako sawa. Lakini kuna Abbasi. Mkononi, juu ya kiwiko, ana mahali hasikii njiti, hasikii unyoya, hata kijiko hakisikii. Na yeye hakuanguka popote. Nimemuuliza sana."

Agnetha alisimama. "Ngozi ya hapo ikoje?"

"Imepauka. Kama baka. Anasema ina mwaka."

Dalili hizo alizifundisha kila mwaka kidato cha pili, na kila mwaka wanafunzi walidhani ni ugonjwa wa zamani za Biblia.

"Baba, huenda si ukoma. Lakini huenda ni wenyewe. Asiogope, na watu wasimkimbie. Unatibika, dawa hutolewa bure, na akianza mapema vidole vyake vitabaki salama. Mwambie aje hospitali wiki hii hii."

Mzee akasema, "Nitakuja naye mwenyewe. Peke yake hatafika, atashukia njiani."

Walifika Jumatano, wazee wawili na baiskeli moja juu ya basi. Ulikuwa ni wenyewe, wa mwanzo kabisa. Abbasi alipewa vidonge vya mwezi wa kwanza na kuambiwa arudi. Jioni alikaa sebuleni kwa Agnetha na kikombe cha chai, akiligeuzageuza baka lake kwenye mwanga wa dirishani.

"Mwaka mzima nilikuwa nalo," alisema, "na sikuwahi kujiuliza."

"Mimi arobaini na sita," alisema Mzee Mhoja, akasogeza kiti chake karibu, akaomba daftari la ramani.