Bango la Filamu Isiyokuwepo

Siku Kirsty alipoitwa mwizi shuleni, mama yake alikuwa jikoni kwenye kantini ya shule hiyohiyo, anaponda viazi. Alimwona binti yake mlangoni, uso umemvimba, akajua kuna jambo.

"Nani kakugusa?"

"Tamsin."

Gaynor Ormerod akaweka mwiko chini. Tamsin Holroyd alikuwa mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwao, pale Nelson, Lancashire. Mara ngapi amekula mezani kwa Gaynor, mara ngapi amelala sofani akikoroma? Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa ndani ya soksi.

Jambo lilikuwa hivi. Mwaka ule, darasa la somo la habari na filamu lilipewa mradi mkubwa: kila mwanafunzi atengeneze kionjo cha filamu ya kutisha, yaani kile kipande kifupi kinachoonyeshwa ili watu waje kuitazama filamu yenyewe, pamoja na bango lake la ukutani. Lakini kwanza uchunguze vionjo na mabango ya wenzio waliotangulia, uandike ulichogundua kwenye blogu yako, na blogu zote ziwe wazi darasa zima lisome. Ndivyo alivyotaka mwalimu wao, Bwana Entwistle.

Kirsty alihangaika miezi miwili. Alivitazama vionjo arobaini akiwa na ile saa ya jikoni ya mama yake, yenye umbo la yai, akipima mlio wa kwanza unakuja sekunde ya ngapi na jina la filamu linatokea lini. Meneja wa sinema ndogo ya Alma alimfungulia ghala la mabango ya zamani, akayapima kwa rula, akaandika kwa nini macho ya mtu huenda kwanza kwenye rangi nyekundu. Yote akayatia kwenye blogu.

Tamsin akayachota yote. Akabadili neno hapa na pale, kisha akafanya ushetani mmoja. Blogu zile zilimruhusu mwenyewe kugeuza tarehe ya alichoandika. Akazirudisha zake nyuma wiki mbili. Bwana Entwistle aliposoma kazi mbili pacha akatazama tarehe, na tarehe zikasema Tamsin ndiye wa kwanza.

"Nilimpelekea mwalimu daftari langu," Kirsty alisema, huku anafuta kamasi kwa mkono wa sweta. "Akasema halina tarehe. Kaniambia nianze upya, la sivyo sipati alama. Na bila alama ya B, chuo hawanichukui."

Chuo kile chenye idara ya filamu ndicho alichokuwa akikisema tangu ana miaka kumi na miwili. Barua yao ilikuwa imebandikwa kwenye friji, chini ya sumaku ya kondoo.

"Na Tamsin kasema nini?"

"Kanicheka. 'Pole shoga, wenye akili huwaza sawa.'"

Gaynor alirudi kwenye viazi vyake. Siku ile wanafunzi walikula viazi laini kuliko siku zote.

Jumamosi, wakinywa chai, Kirsty alikuja na wazo. Angeanza uchunguzi upya kama alivyoagizwa, na katikati yake angetia filamu moja ambayo haijawahi kutengenezwa duniani. Tamsin hakuwa mtu wa kuhakiki. Angemeza na mwiba.

"Ila nahitaji bango, mama. Nahitaji mtu wa kutisha."

"Na mimi ndiye wa kutisha?"

"Ukiwa hujachana nywele, ndiyo."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha wakatoka kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, penye mapipa ya taka. Gaynor akavaa gauni la kulalia la marehemu mama yake, akajimwagia maji kichwani, akainamisha uso nywele zikimdondoka, mkononi ameshika ndoo yake ya kudekia: ya bati, imebonyea ubavuni, ina doa la rangi ya kijani la siku alipopaka mlango. Upepo wa Machi ulimkata mbavu. Jirani mzee alichungulia juu ya ukuta.

"Gaynor, umepatwa na nini?"

"Hasira, Clifford. Rudi ndani."

Kirsty akaichakaza ile picha kwenye kompyuta hadi ikaonekana ya mwaka 1974, akaandika juu yake "Dobi wa Mtaa wa Chini". Akaandika na maelezo: kionjo kina sekunde tisini na mbili, cha kwanza kusikika ni tone la maji, na bango pekee lililosalia liko ghalani Alma. Hazikupita siku tatu, Dobi alikuwa kwenye blogu ya Tamsin, kwa tarehe ya mwezi uliopita.

Ilibaki wiki moja kabla blogu hazijafungwa. Zikishafungwa, hakuna wa kugusa kitu, na kila mwanafunzi anatia saini fomu ya baraza la mitihani kwamba kazi ni yake na alichoandika ni kweli. Alhamisi, siku ya mwisho kabla ya kufungwa, Kirsty alikaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya kitufe.

"Nadhani nimfute Dobi, mama. Kesho nasaini. Nikipiga picha ya ukurasa wa Tamsin sasa hivi, nampelekea mwalimu, basi."

"Umfute? Baada ya mimi kulowa vile?"

"Si kweli lakini. Na mimi nasaini kwamba ni kweli."

"Ukimfuta kwako, yule nyoka ataona, naye atamfuta. Kisha atasema hiyo picha umeitunga. Mwache. Nataka aumbuke mbele za watu, kama alivyokuumbua wewe."

Kirsty akaondoa kidole.

Jumatano iliyofuata ilikuwa siku ya kuonyesha kazi ukumbini. Wazazi walikuja, na msahihishaji kutoka baraza alikaa mstari wa mbele na kalamu yake. Kantini ndiyo iliyoleta chai na biskuti, na Gaynor mwenyewe ndiye aliyesukuma kigari. Kwenye rafu ya chini, chini ya kitambaa, alificha ndoo.

Tamsin alisimama, nywele zimenyooka, sauti imejaa. Bango likatokea kwenye skrini.

"Hili ndilo lililoniathiri zaidi. Mwigizaji huyu alifariki mara baada ya filamu kutoka."

Alikuwa ameongeza na chumvi yake.

Kirsty akainua mkono. "Uliliona wapi bango lenyewe?"

"Ghalani Alma. Nimelishika kwa mikono yangu miwili."

Hapo Gaynor aliacha chai. Alivua kofia ya kantini, akateremsha nywele usoni, akachomoa ndoo, akaenda kusimama pembeni ya skrini. Bonyeo lilikuwa lilelile, na doa la kijani lilelile.

"Nimefufuka, kipenzi," alisema. "Nimekuja kudeki."

Ukumbi ulipasuka. Wanafunzi waligonga viti. Mama Holroyd alijifunika uso kwa mkoba. Tamsin alilia, kisha akakimbia. Na utamu wa dakika ile, Gaynor hajaonja mwingine kama huo maishani, na asiseme uongo.

Msahihishaji peke yake hakucheka. Aligeuza karatasi zake taratibu.

"Filamu hii naiona pia kwenye kazi ya Kirsty Ormerod," alisema. "Kwa hiyo haipo?"

"Haipo," Gaynor alijibu, bado anatabasamu. "Tumeitunga sisi."

"Na hii saini ni ya nani?"

Kirsty alikuwa amekwisha kuelewa, uso umempauka kabla mama yake hajashusha ndoo.

Bwana Entwistle aliwatetea, tena aliomba radhi kwa macho yaliyolowa. Haikusaidia. Sheria ya baraza haikuuliza nani kaanza. Aliyenakili alifutiwa mradi wote, na aliyetunga uchunguzi akausainia kuwa kweli, naye alifutiwa wote.

Agosti matokeo yalipotoka, Kirsty alipata D. Tamsin naye D, ila masomo yake mengine yalimbeba, na chuo cha biashara kilimpokea. Aliondoka na masanduku mawili mekundu, akipita mbele ya dirisha la Gaynor.

Kirsty sasa yuko Alma, anauza bisi na kubadilisha mabango kila Ijumaa. Hajawahi kumgombeza mama yake. Mara moja tu, akibandua ile barua kwenye friji, alisema bila kugeuka:

"Kidole kilikuwa juu ya kitufe, mama."

Mzazi, mwanao akikujia na kisasi chake, usikimbilie kulowa. Muulize kwanza ametia saini wapi. Gaynor hakuuliza. Bado anamchukia Tamsin, tena sana, na bado anadeki kantini kwa ndoo ileile. Wanafunzi wakimwita Dobi, hageuki.