Hesabu ya Waliobaki Ndani

Fundi cherehani wa jirani na shule, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, anasema nilimtoa Kifungo nje juani kwa ajili ya hesabu ya vidole tu, nikauzuia mlango kwa mgongo wangu asirudi ndani, mtoto akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Anasema aliniona kwa macho yake mawili. Macho anayo, sikatai. Lakini dirisha lake linaonyesha ngazi na kipande cha ukuta. Ya ndani hakuyaona.

Mimi ni msaidizi wa darasa la watoto wadogo. Niliishia la saba, kwa hiyo kazi yangu ni kufuta kamasi, kufunga kamba za viatu, na kukaa na wale ambao hesabu zimewashinda. Kifungo ni binti wa mwokaji mikate. Ni mfupi na mviringo, ndiko jina lilikotoka. Kujumlisha anajua kuliko wenzake. Kutoa ndiko kulikomshinda.

Nilimpangia vizibo vitano vya soda mkekani, nikaondoa viwili.

"Vimebaki vingapi?"

"Vitano."

"Hesabu tena, kipenzi."

"Vitatu hivi, na viwili umevishika wewe."

Nikavitia mfukoni. "Na sasa?"

"Vitano. Viwili viko mfukoni."

Wenzake wakaangua kicheko. "Kifungo kichwa maji!" Naye akawatazama kwa huruma, kama mtu mzima anayewasubiri wakue.

Mwalimu alikwisha kusema: asiyejua kutoa hapandi la kwanza.

Nilielewa jioni nilipomrudisha kwao. Mama yake alifariki wakati wa mvua zilizopita. Siku ya mazishi Kifungo alikuwa kwa shangazi yake, na aliporudi baba alimwambia mama amesafiri. Akatuomba mtaa mzima tushike neno hilo hilo. Tukalishika, hata Redio. Sasa jioni ile nilikuwa bado nje, nikamsikia baba akifunga komeo na kuuliza, kama anavyouliza kila siku:

"Nyumbani tuko wangapi?"

"Watatu! Mmoja kasafiri!"

"Mwerevu wa baba."

Kesho yake nikamfuata bekari. Mikono yake ilikuwa ndani ya unga hadi viwikoni.

"Baba Kifungo, mtoto atajuaje kutoa shuleni, na nyumbani mnamfundisha asitoe?"

"Mfundishe hesabu, dada. Hayo mengine niachie."

"Njia ya mwongo ni fupi."

"Ndiyo maana natembea polepole," akasema, akanyanyua donge la unga akalibamiza mezani.

Nikatafuta njia nyingine. Jana asubuhi niliwasimamisha watoto watano mbele ya ubao, nikawatoa wawili nje, nikarudishia mlango. Nikamwambia Kifungo, "Walio nje usiwaulize. Hesabu unaowaona humu ndani tu."

Akautazama mlango kwa muda. Kisha akagusa vichwa, kimoja kimoja.

"Watatu."

Nilimrusha juu kwa furaha! Nikatoa watatu, akasema wawili. Nikatoa mmoja, akasema wanne. Hakukosea tena, nami nikajiona fundi.

Halafu akanivuta nguo.

"Dada, kwetu ndani niko mimi na baba. Wawili."

"Ndiyo," nikasema.

"Wa nje, tukishahesabu, unawaita?"

"Nawaita."

"Wanaingia?"

Nikamwita yule wa nje, maana alikwisha kuanza kugonga. Akaingia mbio, wenzake wakamlaki kwa vicheko na kusukumana. Kifungo akapita katikati yao, akatoka. Akasimama kwenye ngazi, akaielekea barabara, akaweka viganja mdomoni.

"Mama! Ingia! Tumeshahesabu!"

Hapo ndipo Redio alipoinua kichwa kutoka kwenye mshono wake. Na mlango, ndiyo, niliuegemea. Nilimwita Kifungo arudi, akanionyesha kidole ninyamaze, asije akashindwa kumsikia mama akiitika. Akaita tena, na tena.

Redio akakimbilia bekari, khanga mkononi, akipiga mayowe. Mwokaji akaja na aproni yake, unga hadi kwenye nyusi.

"Nani kamwambia?" akaniuliza.

"Hakuna aliyemwambia. Mwambie wewe, Baba Kifungo. Mwambie sasa hivi, mimi nipo."

Akachuchumaa mbele ya binti yake. Akamfuta jasho shavuni, akamwachia unga. Kifungo akamshika masikio yote mawili, kafurahi kumwona, na sauti yake ilikuwa imebaki upepo.

"Baba, mimi sauti yangu ndogo, hasikii. Mwite wewe."