Kichwa wala Mkia

Mashine ya kupima tumbo ilianza visa tangu nilipopanda kitandani. Daktari, mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, aliipiga kofi la ubavuni, akakodolea macho kioo, akaguna na kusema maneno ya Kiingereza.

Mkalimani wake, dada mmoja anayejiamini kupita kiasi, hakusita. "Daktari anasema haoni kichwa wala mkia."

Mimi si mwoga. Lakini mimba ya kwanza iliharibika, na hii ya pili nilikuwa nikiilea kama yai. Nilishikwa na hofu, kisha hofu ikageuka hasira, maana hasira ndiyo niliyoizoea.

"Mkia?" nikauliza. "Mwanangu mjusi?"

Mama mkwe wangu, aliyeketi pembeni, akasimama. "Kwetu hakuna mwenye mkia. Labda upande wenu."

"Mama, tuanze na kichwa kwanza!"

Mkalimani akatabasamu. "Jamani, tulieni. Ni msemo wa Kiingereza tu. Sisi tungesema, haina kichwa wala miguu."

"Mungu wangu!" Mama mkwe akaketi kwa kishindo. "Sasa na miguu nayo imekwenda!"

Nikajiinua, nikamkamata mkalimani mkono. "Dada, achana na misemo, yao na yetu. Nini hakina kichwa? Mwanangu, au kitu gani?"

Hapo ndipo ilipomwingia akilini. Akajiziba mdomo. "Picha, dada yangu. Picha ndiyo haieleweki. Mashine ni mbovu, mtoto hata hajaonekana bado."

"Basi mwambie alete nzima. Sibanduki hapa."

Daktari hakusubiri tafsiri, alishaniona uso. Ikasukumwa mashine nyingine kutoka chumba cha pili, gurudumu moja likilia. Nikapakwa tena ile jeli ya baridi. Kioo kikawa cheusi, kikaingia ukungu, halafu kikatokea kitu cha mviringo. Daktari akakionyesha kwa kidole, kisha akagusa kichwa chake mwenyewe. Kiooni, chini ya mviringo ule, mguu ukarusha teke, na teke lile lile nikalisikia ubavuni mwangu.

Daktari akacheka, akamwaga Kiingereza. Mkalimani akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Nyamaza, dada," nikamwambia, machozi yakinitiririka mpaka masikioni. "Hii nimeielewa mwenyewe."