Mbwa Mwenye Mwendo wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa viatu vya farasi, na watu wote mabandani walimwita Nyundo. Siku hizo mabanda yale yalikuwa ya farasi wa mashindano. Asubuhi nilikuwa nampelekea chai kwenye chupa, na kabla sijafika getini pua yangu ilishajua kwamba yupo kazini. Kiatu cha moto kikiguswa kwenye ukwato hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na mimi, Mungu anisamehe, niliipenda harufu ile kuliko manukato. Ilikuwa kwenye shati lake, kwenye shuka zetu, hata kwenye kitambaa changu cha kichwa siku za ibada, mpaka mwenzangu mmoja wa kwaya akaniuliza kama nyumbani kwangu kila siku kuna kuku anayebabuliwa.

Kisha farasi mmoja mkorofi akampiga teke kwenye nyonga ya kushoto. Mfupa uliunga, ila uliunga unavyotaka wenyewe. Tangu hapo mzee wangu akawa anachechemea: hatua ndefu, hatua fupi, anasimama kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha ndefu tena. Fimbo aliikataa katakata. Badala yake alimchukua mbwa mkubwa wa rangi ya majivu aliyezaliwa palepale mabandani, akamshonea mkanda wa ngozi wa kifuani wenye kishikio mgongoni, na mkono wake wa kulia ukawa hapo siku zote. Mbwa akajifunza kusukuma bega lake la kushoto kwenye paja la bwana wake ili asiyumbe. Akajifunza na kusubiri. Wakawa wanatembea kama kiumbe kimoja chenye miguu sita, na mtaa mzima ukamwita yule mbwa Mkongojo.

"Umekataa mkongojo wa mti, umechukua unaokula nyama," nilimtania mzee.

"Huu haunipotei, mama watoto. Nikiuita unakuja."

Alifariki wakati wa mvua, kwa homa ya mapafu, na nyumba ikawa kubwa. Jioni nilikuwa namvalisha Mkongojo mkanda wake ule ule na kumtoa. Kishikio sikukigusa. Nilifunga kamba ndefu, nikawa natembea nyuma. Naye alikwenda vilevile kama zamani: ndefu, fupi, anasubiri. Bega lake lilikuwa limeegemea hewa, kama ukuta uliobaki wima baada ya nyumba kubomoka. Nami nikiwa nyuma, nikilegeza macho kidogo, mzee wangu alikuwa pale. Sisemi habari za mizimu. Mimi ni mtu wa sala, na najua marehemu yuko mikononi mwa nani. Lakini mwendo wake ulikuwa umebaki duniani, na nilikuwa naufuata kila jioni hadi kwenye kona ya kanisa na kurudi.

Binti yangu ndiye aliyeharibu mambo. Alikuja kunisalimia, akamwona mbwa akivuka uani.

"Mama, huyu anaburuta mguu wa nyuma."

"Ndivyo anavyotembea."

"Kucha zimelika mpaka damu, Mama. Hakuna anayetembea hivyo."

Nikatazama. Kweli, mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa na damu, na kwenye sakafu kulikuwa na michirizi midogo niliyokuwa naipangusa kila siku nikidhani ni udongo.

Kesho yake tukaenda mabandani. Siku hizi ni hospitali ya wanyama, lakini si ya kuharisha na minyoo. Wanaletwa farasi na mbwa walioumia kwenye mbio au kazini, au waliopasuliwa, wafundishwe mwili upya. Milango ya mabanda ni ile ile, na majina ya farasi wa zamani bado yanasomeka chini ya rangi mpya. Chumba cha mzee wangu, pale palipokuwa na tanuru, sasa kina tangi kubwa la kioo lenye maji, na chini yake mkanda unaozunguka ili mnyama atembee bila kwenda popote. Nilisimama mlangoni nikavuta pumzi. Harufu ilikuwa ya sabuni.

"Shemeji!" Sauti ikaniita kutoka nyuma. Alikuwa Hatamu, mchunga farasi, rafiki wa mume wangu tangu ujana wao. Alikuwa anaongoza farasi jike mwekundu. "Nilidhani umetutupa."

"Nimewatupa wapi? Ninyi ndio mlibomoa tanuru bila kuniambia."

"Tulilibomoa tunalia, shemeji. Hasa mimi, maana mimi ndiye niliyeshika sururu."

Daktari alikuwa msichana wa rika la binti yangu, kucha fupi, viatu vya mpira. Hakukimbilia mguu wenye damu. Alimwomba binti yangu amtembeze Mkongojo kwenye saruji, halafu kwenye nyasi, yeye akitazama mbele, ubavuni na nyuma. Kisha akapiga magoti, akafumba macho, akapitisha mikono kutoka shingoni hadi mkiani, polepole kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.

"Huyu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Ni mbwa wa nyumbani tu," binti yangu akajibu.

"Hapana. Bega la kushoto ni la punda, la kulia ni la mtoto. Mgongo umepinda kufuata bega. Huyu alikuwa anabeba mtu."

Hatamu, mlangoni na farasi wake, ndiye aliyesema, "Alikuwa anambeba Nyundo."

Daktari alinieleza bila haraka. Uti wa mgongo umekaa umepinda muda mrefu mpaka unabana mishipa ya fahamu, ndiyo maana mguu ule haupati habari kwamba umefika chini. Bado anaweza kurudishwa. Dawa peke yake haitoshi, na mazoezi peke yake hayatoshi. Watamchoma sindano nyembamba za kulegeza misuli, watamkanda, watamtembeza majini ambako mwili ni mwepesi, watamvusha fito zilizolazwa chini ili anyanyue miguu. Akiachwa, miguu yote miwili ya nyuma itakufa.

"Na mkanda huu usivaliwe tena, Mama. Huu mwendo inabidi ausahau."

"Ausahau?"

"Kabisa."

"Tumwachie kidogo, daktari. Kachechemeo kadogo tu, ka kumbukumbu."

Binti yangu akacheka. Kisha akaniangalia usoni akaacha.

"Mama," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba yai, "uti wa mgongo haujui kidogo."

Nikasema nitafikiria. Nikatoka nje kukaa kwenye ukingo wa birika la farasi. Hatamu akaja na jike wake mwekundu.

"Mtazame bibi huyu," akaniambia. "Maisha yake yote kakimbia akigeukia kushoto, kwa sababu uwanja wa mashindano ulikuwa unageuka kushoto. Mguu umepona. Lakini umwambie kulia uone. Anakutazama kama umemtukana mama yake."

"Mtamfanyaje?"

"Tunambembeleza aone dunia ina upande mwingine. Hataki. Jana kanikanyaga." Akajisugua bega. "Hata mimi hili limevutwa na farasi mpaka limeshuka. Ila mimi hakuna anayenichoma sindano."

"Kwenye ngozi hiyo? Itakatika."

"Hiyo angeicheka Nyundo."

Sote tukawa tunaangalia ule mlango wa chumba cha tanuru. Zamani saa kama hizi ungesikia nyundo yake: tatu nzito kwenye kiatu, moja nyepesi kwenye fuawe, kama mtu anayeongea na kujijibu.

Nyumbani binti yangu hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa rahisi, ningejibu. Alisema tu, "Mama, jioni hii mvalishe mkanda kwa mara ya mwisho. Nitamchukua video kwa simu akitembea. Utabaki naye hapo, kisha tuanze tiba."

Nikakubali. Tukatoka. Mimi nyuma kama kawaida, yeye mbele akitembea kinyumenyume na simu yake, karibu atumbukie mtaroni, na watoto wa jirani wakamshangilia. Tuliporudi tukakaa kitandani, akaniwekea ile video.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona mzee wangu. Nikaona uso wa mbwa.

Muda wote ule nilikuwa nyuma. Sikuwa nimewahi kuuona uso wa Mkongojo akitembea jioni zile. Masikio yalikuwa yamelala, mdomo umebanwa kama mtu aliyebeba gunia. Hatua ndefu, hatua fupi, na kila alipofika pale pa kusubiri alinyanyua macho juu, upande wa kushoto, mahali ambapo palikuwa na uso wa mzee wangu. Alitazama. Akakosa. Akasukuma bega kwenye hewa, akaendelea.

Mimi nilikuwa namtafuta mume wangu mgongoni mwa mwenzangu, naye mwenzangu alikuwa anamtafuta huyo huyo.

"Itunze, Mama," binti yangu akasema.

"Ifute."

"Nini?"

"Hapana, usifute. Kaa nayo wewe. Mimi nisiione."

Nikamvua Mkongojo mkanda. Ngozi ilikuwa imeshika umbo la kifua chake kiasi kwamba ukiuweka mezani ulikaa wenyewe. Nikapiga magoti nikasali, si kwa maneno mengi. Niliomba tu nipewe moyo wa kuachilia.

Tiba ilianza. Kwenye sindano Mkongojo alikoroma mpaka farasi wa banda la pili akachungulia. Kwenye tangi ndipo nilipata kazi. Daktari alisimama naye majini akishika nyonga zake, mimi nikapewa kipande cha ini nisimame mbele, nje ya kioo, ili atazame mbele asitazame juu kushoto. Maji yalipanda yakambeba, mkanda wa chini ukaanza kuzunguka, na yule mbwa akanyanyua miguu yake minne sawasawa, mizuri, kama mwana-farasi. Sikumfahamu. Nilikuwa nimesimama palepale alipokuwa akisimama mzee wangu mbele ya tanuru lake, na ini mkononi, na sikumfahamu mbwa wangu mwenyewe.

"Mama, ini lishushe kidogo, anakodoa macho," daktari akasema, na nikashukuru kupata la kufanya.

Nyumbani nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Mkono ulijua njia, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa namkanda mume wangu nyonga wakati wa baridi, yeye amelala kifudifudi akigugumia kwenye mto: "Taratibu, mama watoto, hiyo ni nyonga, si unga wa mkate." Nilimsimulia Mkongojo hayo yote. Nilimsimulia siku mzee alipokuja kunichumbia akiwa na masizi usoni, baba yangu akauliza kama nyumba yao imeungua. Mbwa ni msikilizaji mzuri. Hakukatizi kukwambia hiyo ulishasema.

Tulipotoka nilitembea ubavuni kwake, upande wa kulia, kama nilivyoagizwa. Mwanzoni hakujua anifanyie nini. Kisha siku baada ya siku bega likaacha kutafuta. Ile hatua fupi ikarefuka. Kule kusubiri kukapungua, kukawa kama kukohoa, kukaisha. Damu ikakauka kwenye kucha. Daktari alifurahi na mimi nilifurahi naye, lakini furaha yangu ilikuwa ya kuchechemea.

Siku ya mwisho walimtembeza kwenye saruji, na kila mtu akatega sikio kusikiliza miguu. Ilikuwa sawa yote.

"Amemaliza, Mama," daktari akasema.

"Nyundo angekasirika," Hatamu akasema.

"Kwa nini akasirike?"

"Miaka yote kamfundisha asimwache mtu nyuma. Huyu sasa atakuacha, shemeji."

Nikamwambia aangalie farasi wake. Nikashika kamba tukaenda.

Njiani kuna duka la nguo lenye ukuta mfupi mbele, na kwenye ukuta ule mume wangu alikuwa anakaa kupumzisha nyonga kila tulipopita. Miguu yangu ilisimama pale yenyewe. Mkongojo hakusimama. Alipita ukuta kama anavyopita kuta nyingine, kamba ikanyooka, akageuka kuniangalia, mkia juu.

Ningeweza kuivuta. Ni mbwa mtiifu: ningevuta leo, na kesho, na baada ya muda angekuwa anasimama tena pale kwenye ukuta, ameegemea. Nilikuwa najua namna ya kumrudisha. Mkono ulikuwa tayari kwenye kamba.

Nikailegeza. Nikakusanya gauni kwa mkono mmoja, nikanyoosha hatua, na alipoongeza nami nikaongeza, sina pumzi, viatu vya kanisani vinapiga kelele barabarani.

Mshona nguo akatoa kichwa dirishani. "Mama! Mnakimbilia wapi?"

"Muulize aliye mbele," nikamjibu, nami sikusimama.